Ukungu Nilioukata kwa Makasi

Nyumba yangu ya Gatwekera naipamba mwenyewe. Ukuta wa udongo ukiachwa wazi unamwaga vumbi kwenye chai, kwa hivyo nauvalisha karatasi: kalenda, magazeti, chochote chenye rangi. Majirani huniita niwakatie zao. Kwa makasi, hapa plotini hakuna wa kunishinda.

Basi mjukuu wangu akaniletea picha. Huyu msichana anasomea kupiga picha, wa kwanza kwetu kuvuka darasa la nane, na mimi kumtaja sichoki. Aliipata Soko la Toi, kwenye rundo la vitabu vikuukuu: mlima wa barafu wa ng'ambo, uliopigwa karne ya kumi na tisa, rangi yake kama chai ya strungi isiyo na maziwa.

"Shosho, niwekee," akaniambia. "Kwangu Kawangware paa linavuja. Ijumaa naieleza mbele ya walimu. Kwa simu ninayo, lakini wanataka hii yenyewe. Hiyo ndiyo mtihani."

Alipoenda nikaikagua. Nusu ya juu, ukungu mtupu. Chini kwenye barafu, mtu mdogo kama sisimizi, amesimama tu, hana kazi. Nikasema huyu mpiga picha alikuwa mvivu, ameacha nafasi bure na huyo mtu hakumfukuza. Nikanunua fremu nzuri nimfurahishe mtoto. Picha haikuingia. Nikakata. Ukungu nikautoa, mtu nikamtoa, mlima ukajaa fremu kama uso kwenye picha ya kitambulisho. Vipande nikawashia jiko.

Alhamisi akaja. Nikamwonyesha, nangoja vigelegele.

"Huyu mtu ako wapi?"

"Yule sisimizi? Alikuwa anakuzibia mlima."

Akakaa kitandani. "Shosho, yeye ndiye alikuwa anaonyesha mlima ni mkubwa. Sasa huu unaweza kuwa kichuguu."

Akanieleza polepole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Zamani hizo kamera ilikuwa sanduku, walipanda nayo na vioo vya kunasia picha mgongoni, wakangoja ukungu ushuke mpaka pale walipotaka. Yule mtu aliambiwa asimame asitikisike.

"Ule ukungu ndio ulikuwa unaleta baridi na upweke. Hiyo ndiyo nilikuwa naenda kusema."

Hapo ningesema pole. Mdomo wangu ukasema, "Na fremu je? Hata asante hakuna?"

Akasema asante. Akaibeba hivyo hivyo. Ijumaa akaeleza walimu vitu ambavyo hawakuviona, wakamwambia atarudia.

Hakunilaumu. Afadhali angenifokea. Bado anakuja, anaosha vyombo, tunacheka. Juzi alikuwa anapitia kwa rafiki yake anayeishi Silanga, nikamwambia, "Acha hiyo kamera hapa, utaichukua ukirudi."

"Usijali, Shosho, si nzito," akasema, akaivaa shingoni, akatoka nayo.