Sanduku la Mikate Halipiti Nguzoni

Saa kumi na moja alfajiri, mlango wa nyuma wa kiwanda cha mikate unafunguliwa na joto linatoka nje. Mwanamume wanayemwita Mzee wa Moto, ingawa hajafika hata hamsini, anajaza mikate kwenye sanduku la mbao. Analifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kisha anashusha pumzi.

"Kupakia si kazi," anasema. "Kazi iko kule mbele."

Kule mbele ni njia mpya ya baiskeli. Ni nzuri, mtu asikudanganye: lami laini, ukingo wa kuitenga na magari. Lakini kila inapokutana na barabara nyingine zimesimikwa nguzo mbili za chuma, zimekaribiana, ili pikipiki zisiingie. Sanduku la mikate ni pana kuliko mwanya huo.

Kwa hiyo anashuka. Anafungua mipira, anakumbatia sanduku, analipitisha juu ya nguzo na kulitua upande wa pili. Anarudi kuchukua baiskeli. Anafunga upya. Akiwa katika kuhangaika huko, pikipiki yenye abiria inapenya katikati ya nguzo bila shida yoyote.

"Shikamoo, mkate," dereva anamtania.

"Marahaba," anajibu bila kugeuka.

Kwa nini asipite barabara kubwa? Anapandisha suruali na kuonyesha goti. Miaka miwili iliyopita kioo cha lori kilimgonga bega, akaangukia goti, akalala kitandani miezi mitatu. Aliponyanyuka, mkewe, fundi cherehani, alimwekea sharti.

"Nilimwambia, baba watoto, ukirudi barabara kubwa, huku usirudi," anasema mama huyo, macho yakiwa kwenye sindano. "Watu wanamcheka. Wacheke tu. Aliyekuwa akimwosha ni mimi."

Sharti hilo linamtoa jasho. Wenye maduka wanataka mkate kabla watoto hawajaenda shule, na wawili wameshahamia kwa muuzaji mwenye gari. Alijaribu sanduku jembamba, refu kwenda juu; mikate ya chini ikafika bapa kama ndala. Alikwenda ofisi ya mji, akapewa kiti, akasikilizwa vizuri, akaambiwa ombi limepokelewa. Huo ulikuwa mwaka jana.

Simu inaita akiwa amebakiza makutano ya mwisho. Ni mwenye duka.

"Kaka, uko wapi?"

"Nipo nguzoni."

"Kila siku nguzoni. Watu wanakunywa chai kavu hapa. Ikipita saa moja, ndugu yangu, kesho usijisumbue."

Anairudisha simu mfukoni. Amechoka, na hafichi.

"Sidai njia nyingine," anasema. "Hii inatosha. Wazisogeze tu, upana wa mkono. Siku wakizisogeza, nitampakia mama watoto badala ya mikate, nimpitishe katikati aone mwenyewe."

Anajicheka kidogo. Halafu anatazama barabara kubwa iliyo pembeni yake. Kwa sasa iko wazi, hakuna lori hata moja, na duka linaonekana kutoka hapa. Mkewe yuko nyumbani, hatajua.

"Goti litajua," anasema.

Saa moja inakaribia. Anaegemeza baiskeli kwenye nguzo, anainama taratibu, anaanza kufungua mipira.