Kichupa cha Mrembo

Wivu wa Fundi ulianza utotoni na haukuwahi kwenda likizo. Yeye na pacha wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mrembo, walitoka tumbo moja, sura moja, hata mwanya mmoja. Sasa Mrembo alikuwa mwembamba, ananukia manukato toka mlangoni, na mumewe alimfungulia mlango wa gari. Fundi alikuwa amenenepa kwa kukaa kwenye cherehani, miguu imevimba, na juzi mteja alimuuliza kama Mrembo ni binti yake. Swali lile lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Watafiti wa hospitali walipotafuta pacha wa kufanana, Mrembo ndiye aliyewaandikisha wote wawili. Daktari aliwaeleza kwamba jeni zao ni zilezile, ila maisha huzibandika vialama vidogo vya kemikali: chakula, usingizi, moshi, mawazo. Vialama hivyo huiambia jeni ifanye kazi au inyamaze, na vingine huonyesha moyo, mafuta na sukari vinaelekea wapi.

"Kama kitambaa kimoja kilichochorwa chaki na mafundi wawili," Fundi alisema.

"Ndiyo hivyo hasa," daktari alijibu.

Basi Fundi akajua ataumbuka. Chaki yake ingekuwa ya ovyo, na Mrembo angemwonea huruma mbele ya watu. Huruma ya Mrembo ilimuudhi kuliko uzuri wake. Kwa hiyo muuguzi alipokwisha kuwatoa damu, akawapa vikaratasi vya majina wabandike kila mtu kwenye kichupa chake, Fundi alisema, "Lete nikubandikie, mdogo wangu. Mimi kutwa nashona lebo kwenye kola." Akavibadilisha. Alitaka mara moja tu Mrembo naye aambiwe ni mbovu.

Siku ya majibu daktari alimgeukia Fundi.

"Wewe ndiye unayenitia wasiwasi. Vialama vyako ni vya mtu aliyevuta sigara miaka mingi, na moyo wako uko hatarini. Unavuta?"

Fundi hakuwahi kugusa sigara. Alimtazama mdogo wake. Mrembo alikuwa anafunga zipu ya mkoba wake taratibu, na yale manukato ya kila siku yakapata maana.

"Na mimi?" Mrembo aliuliza.

"Wewe mafuta yamezidi kidogo tu. Tembeatembea."

Kwenye korido Mrembo alimkumbatia huku analia. "Dada, nitakupeleka kwa daktari wa moyo mimi mwenyewe. Nitakupikia." Ilikuwa huruma ileile, na Fundi aliona heri angezabwa kofi.

"Majibu yale ni yako," alisema. "Nilibadilisha vikaratasi."

Mrembo alijifuta machozi, uso ukamkauka. "Nywele zangu ulizitaka. Mume wangu ulimtaka. Leo unanionea wivu hata nikiambiwa nina afya?"

"Fungua mkoba, basi."

Mrembo aliukumbatia mkoba, asiufungue. Fundi akamshika mkono, akamrudisha ndani hadi kwa muuguzi, akakunja mkono wa gauni lake mwenyewe kwanza.

"Tutoe upya," alisema, "na safari hii bandika wewe."

Bado alimwonea wivu mdogo wake. Alitaka aendelee kumwonea mpaka wote wawili wazeeke.