Kongwa Halitupwi Chini

Wahenga wenzangu wa kidato cha tatu, mnazikumbuka enzi zetu? Msicheke. Tulipokuwa wadogo, likizo maana yake ilikuwa kupelekwa Mbuchi kwa bibi, kulala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, na kuamka na tope la jana magotini.

Adui yetu alikuwa kongwa. Jani teketeke linalotambaa, lenye viua vya buluu vinavyonyauka jua likishapanda. Ukiminya kifuko kilichobeba ua, unatoka ute kama wa bamia. Tulipakana usoni tukaitana mabibi harusi.

Mwaka huo shangazi alikuwa anaolewa Nyamisati. Bibi akatugawia ngwe za kupalilia, mimi na binamu zangu wawili, Mwajuma na Sefu. Akasema: "Siku ya safari nikikuta kongwa kwenye ngwe, mwenyewe atabaki na babu yake kufukuza nguruwe." Tukalamba midomo, pilau tukaiona kwa mbali.

Sefu alimaliza kabla ya adhuhuri. Anang'oa, anatupa palepale topeni, mluzi juu. Mwajuma yeye kila shina analibeba hadi kwenye kisiki, analitundika mizizi ikining'inia.

"We Mwajuma, unaanua au unaanika?" Sefu akamchokoza.

"Naanika. Lete na kaptula yako, inanuka."

Mimi nikamfuata Mwajuma. Si kwa akili. Ndiye aliyeshika muhogo wa kuchoma.

Usiku mvua ikanyesha, na kesho yake tena. Siku ya safari ngwe ya Sefu ilikuwa buluu tupu, kongwa limenona kuliko mpunga. Bibi, kashavaa khanga ya harusi, akasimama pale, akamgeukia Sefu.

"Mume wangu, nilikutuma kupalilia au kupanda?"

"Nilipalilia, bibi! Wallahi, muulize Mwajuma."

"Kongwa halitupwi chini, baba. Likigusa tope, limefika kwao."

Sefu alilia mpaka boti yetu ikapotea kwenye mikoko. Sisi tukala pilau, tukacheza ngoma hadi nyayo zikawaka moto. Mwajuma alipiga vigelegele utadhani anaolewa yeye.

Siku hizi anakuja mtu na bomba mgongoni, anapuliza dawa, majani yanakauka yenyewe. Bibi anakaa barazani, hana wa kumgawia ngwe. Mwezi uliopita tulipelekwa harusini wote bila kung'oa shina, hata walioamka saa nne. Pilau haijapakuliwa bado, mdogo wangu mmoja akainua macho kutoka kwenye simu, akauliza:

"Tunarudi saa ngapi?"