Neno Lililokaa Kwenye Cheti cha Akinyi

Nakumbuka vizuri siku niliyompokonya mwalimu mkuu kalamu mkononi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, magamba ya omena, wale dagaa wa ziwani, bado yamenishika miguuni, na nyuma yangu wazazi wamejipanga mpaka mlangoni. Nilikuwa nimemsindikiza mama mwenzangu wa ufuo wetu wa Dunga kuchukua cheti cha mtoto wake aliyemaliza darasa la nane. Mwalimu alishaandika herufi nne za neno, na herufi hizo nilizijua.

"Hilo neno hutaliandika tena, bwana," nikamwambia.

Mwanangu Akinyi, wakati huo wewe ulikuwa umekaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya neno hilo hilo. Ndiyo maana nakuandikia.

Neno lenyewe ni miscreant. Ni Kiingereza cha kizamani. Kamusi yangu ya Fomu Foo, ya kidato cha nne, inasema ni mtu mwovu, mhalifu, na kwamba hapo kale lilimaanisha mtu asiye na imani. Wewe, uliyeimba kwaya kila Jumapili! Na angalia linavyotumika. Hakuna anayemwita rafiki yake hivyo, hata wakigombana. Ukilikuta gazetini, ni mkubwa fulani anazungumzia watu waliokamatwa, na majina yao hayatajwi. Ukiambiwa huyu ni mwizi, utauliza ameiba nini. Ukiambiwa ni muuaji, utauliza ameua nani. Miscreant haulizwi kitu. Likishaandikwa, mlango umefungwa.

Sasa nikwambie lilikupataje, maana kosa lilianzia kwangu.

Unajua mwenyewe omena huvuliwa gizani, wakivutwa na taa. Mwezi ukiwa mkubwa, mashua hazitoki. Kwa hiyo zile wiki za giza, asubuhi, kila mama anataka mikono ya kuanika kabla mzigo haujaharibika, na mikono yangu ilikuwa wewe. Wiki za mwezi ulikuwa darasani kila siku, na mtihani ukija unashika namba tatu, namba nne. Kwenye rejista ilionekana hivi: wiki mbili upo, wiki mbili sifuri nyekundu, mwaka mzima. Mwalimu alitoka mbali na ziwa. Hakuuliza. Na mimi sikumwambia, nilidhani kila mtu anajua. Sisi watu wa huku tunafikiri kila anayeuona mwezi anajua kazi yake.

Siku ya cheti chako alinisogezea karatasi. "Weka sahihi hapa, Mama." Neno sikulijua. Niliona aibu kuuliza mbele ya wanawake ambao mimi ndiye huwasomea barua zao. Nikaweka sahihi, nikatoka kichwa juu. Kamusi ilikuwa nyumbani, sikuifungua.

Januari tukaenda kutafuta shule. Mkuu wa shule ya kwanza akasoma, akanitazama.

"Mama, huyu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, madam."

"Lakini hapa umekubali kwa sahihi yako mwenyewe. Mimi nina wasichana wa watu hapa. Huyu nimweke wapi, jikoni?"

Shule ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu hatukupewa hata kiti. Tulipofika Kondele, tukirudi nyumbani, ukaniuliza, "Mama, kwani nilifanya nini?" Nikakwambia unyamaze. Nisamehe, nyathina, mtoto wangu. Usiku huo ndipo nilipoifungua kamusi.

Basi mwaka uliofuata, kalamu ya mwalimu ikiwa mkononi mwangu, akaniuliza, "Mama Akinyi, umelewa asubuhi yote hii?"

"Nimelewa omena, mwalimu. Nusa."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtoto wako alitoroka shule nusu ya mwaka."

"Nilimtuma mimi kuanika, kama huyu mama alivyomtuma wake! Uliniuliza?"

"Rekodi ni rekodi, Mama."

Akanyoosha mkono. Na mimi, na hasira yangu yote, nikamrudishia kalamu. Akaipangusa kwa leso, akamalizia neno. Nilisimama pale nikiangalia herufi zikiongezeka mpaka ya mwisho. Mama mwenzangu akaweka sahihi.

Usiweke sahihi chini ya neno usilolijua, mwanangu, hata foleni nzima ikikutazama. Uliza, waache wakucheke. Na kama siku moja utakalia kiti cha mtu mkubwa, kabla hujaandika ubaya wa mtu, muulize alikuwa wapi asubuhi. Mungu akujalie kukutana na watu wanaouliza. Mimi nilishindwa kuwa mmoja wao, na sioni wengi.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya elimu mjini. Karani akapiga muhuri, akaiweka barua yangu juu ya nyingine nyingi. Mpaka leo sijajibiwa. Niliandika hivi:

"Mimi, mzazi wa Akinyi, nalalamika kwamba mtoto wangu ameandikwa mhalifu bila kuulizwa. Siku zote alizokosa shule alikuwa na mimi Dunga, akianika omena kwa amri yangu. Kama ni lazima neno hilo libaki kwenye cheti, naomba jina lake lifutwe, liandikwe langu."