Mshipi Huchaguliwa kwa Kidole Gumba

Mwanangu, siku ile siikumbuki kwa kichwa, naikumbuka kwa kidole gumba. Kina kovu mpaka leo, na wiki hii kimeanza kuniwasha tena kwa sababu yako.

Umekwenda Nyali, umeingia duka lenye baridi, umetoka na rodi ya kuvulia samaki, nyeusi, ngumu kama mlingoti wa bendera, na mshipi wa kusukwa ambao muuzaji amekuapia kwamba hata tingatinga haliukati. Ukaja navyo hapa Mtongwe kunionyesha. Nikakuuliza, wavua nini kwa hivi? Ukanambia wavua kolekole kwa samaki wa plastiki, yule wa kushtuliwashtuliwa majini. Nikakurudishia rodi yako, nikaingia ndani na hasira zangu. Jumamosi tatu umekwenda mwambani, mara tatu umerudi mkono mtupu, na jana nimekusikia ukiwaambia kaka zako kwamba bahari imekwisha samaki, utaiuza rodi. Nao wakacheka, wakasema mwanamke arudi kwenye mwiko. Bahari haijaisha, Furaha. Kaa chini, nyanya yako akwambie.

Nilikuwa wa umri wako, nimeshajua kila kitu kama wewe. Wageni walikuwa waje na pombe yao ya mnazi kumposa dada yangu Mbeyu, na mama alikuwa na jogoo mmoja tu, kamfunga mguu tayari kwa kisu. Nikasimama mbele ya watu nikasema jogoo afunguliwe, kitoweo nitaleta mimi. Hakuna aliyeniomba. Ni mdomo tu.

Shangazi yangu Kadzo ndiye aliyenifunza kuvua. Alikuwa na samaki wake wa mti, kamchonga mwenyewe kwa msufi, mwepesi, na ndoana mbili tumboni. Alimvulia kwa ufito wa mwanzi wenye ncha inayopinda, na mshipi mwembamba hata ukiuinua juani huuoni. Asubuhi ile akaniwekea vyote mlangoni. Nikaviona vya kitoto. Nikamchukua yule samaki peke yake, nikaenda nyuma, tulipokuwa tukijenga chumba, nikachomoa ufito wa mkoko, wa kukandikia ukuta, mnyoofu, haupindi hata ukiukalia. Nikaufunga mshipi mnene wa mjomba, wa kuvulia papa. Nikajiambia, kamba hukatikia pabovu, basi mimi leo sitaacha pabovu. Nyumba nzima imesimama kwa mkoko, kolekole ni nani?

Akili za ujana hizo. Mti wa kujengea haupindi, na ndiyo sifa yake. Wa kuvulia usipopinda ni kuni.

Mchana kutwa yule samaki wa mti aliogelea kama maiti. Mshipi mnene ulimbeba juujuu, haukumwacha azame wala ageuke. Kolekole walimfuata, niliwaona kwa macho yangu, wakamkagua kama anayekagua mchele wenye mawe, wakageuza mikia. Mpaka maji yalipojaa na kuvurugika, mmoja akajisahau, akampiga. Mkubwa, mwanangu, ubavu unang'aa kama sufuria mpya. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mkoko haukupinda. Mshipi haukukatika. Ndoana haikunyooka. Kilichokatika ni mdomo wa samaki.

Nilirudi nyumbani na kipande cha mdomo kwenye ndoana, na wageni wameshakaa kwenye mkeka. Jogoo niliyemfungulia mimi alikuwa juu ya paa, kila aliyemfuata anamcheka. Wageni wakala sima kwa kisamvu huku jogoo akiwika juu ya vichwa vyao. Mshenga wao akauliza kwa upole kama ndiyo desturi ya nyumba hii. Wakaondoka bila kutaja siku ya kurudi, Mbeyu akajifungia chumbani. Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Shangazi ndiye aliyenijia. Akaokota ule mkoko wangu na ule mshipi.

"Lete kidole," akasema.

Akanifunga mshipi kwenye kidole gumba, akashika ufito, akaushtua mara moja. Damu ikatoka.

"Yauma?"

"Yauma, shangazi."

"Nawe huna ndoana mdomoni."

Kisha akafunga mshipi wake mwembamba kwenye mwanzi, akanifunga kidole kingine, akavuta vilevile. Ncha ikainama, nikavutwa nikamfuata mpaka miguuni pake, wala sikuumia. Akanambia neno ambalo sijalisahau: "Ulikaza kote, ukadhani umemaliza ubovu. Pabovu hapaishi, mwanangu. Ukipaondoa kwako umempelekea samaki."

Wiki iliyofuata nilivua kwa mwanzi. Tukawapelekea wale watu kolekole mzima kwenye sinia, wakarudi, Mbeyu akaolewa. Lakini shemeji yangu, na mvi zake zote, akiniona hadi leo huniuliza kama ule mdomo umeshaiva. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Sasa wewe wanipandisha hasira upya, na yule muuzaji wako zaidi. Hakukuuliza wavua wapi, wala kwa chambo gani. Kaona msichana, kampa kigumu kilichomkalia dukani. Kairudishe. Akikataa kubadilisha, nipigie, nitavuka nije nimwamkie.

Mwambie wataka rodi ambayo shina lina nguvu lakini ncha yainama, na isikupite kimo kwa mengi, maana samaki wa kushtuliwa huvutwa kwa kuelekeza ncha chini, na ndefu itakupigia miamba. Mshipi uwe mwembamba, usioonekana, unaozama. Ule wa kusukwa hauvutiki hata chembe, wang'oa midomo. Lakini usichukue nao wa kunyumbuka kama mpira, utashtua wewe huku samaki wa plastiki kule hana habari. Na ukifika mwambani, mshtue, umlegezee, umwache. Hapo pa kuachwa ndipo kolekole hupigia. Nimekutazama kutoka juu, wewe wavuta tu bila kupumua, kama mtu anayefukuzwa.

Na usiondoke dukani kabla hujafunga mshipi kwenye kidole chako mwenyewe, muuzaji akashika rodi na kuvuta. Kikikuuma, waachie. Na si rodi tu. Chochote utakachomfungia mwenzio, kianze kwako.

Hao kaka zako waambie nyanya kasema mwiko anao, na waje wauchukue wenyewe.

Nenda. Mungu akupe mkono unaojua pa kukaza na pa kulegeza, akuepushe na mdomo kama niliokuwa nao, na Jumamosi akurudishe kwangu na samaki mzima, na midomo yake yote miwili.