Kitambaa Kimoja kwa Maua Yote

Kila Jumamosi nilipanguza maua ya mama. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sina kazi, na kwa kuwa naona haya mbele ya watu, kukaa na maua kulinifaa. Nilichovya kitambaa kwenye maji yenye maziwa kidogo, nikapanguza jani baada ya jani hadi yang'ae. Jumapili akina mama wa maombi wangekuja kwetu Kapsoya, na maua yenye vumbi ni aibu kwa mwenye nyumba.

Ilikuwa mikebe mitano, yote ya ua moja la kutambaa. La kwanza mama alilitoa Turbo. Nyumba yetu huko ilichomwa kwenye vurugu za baada ya kura, nikiwa darasa la tatu, tukakimbia mikono mitupu. Mambo yalipotulia alirudi kutazama. Alikuta kuta, majivu, na mkebe mmoja kando ya mfereji, majani nusu yameungua. Akaja nao mapajani. Ile mingine minne ilitokana na vipande vyake.

Mwaka ninaousema, kiangazi kilikuwa kirefu. Majani ya ule mkebe wa Turbo yakaanza kupauka, yakawa na vidoa vya manjano kama yamechomwa na sindano. Nilidhani ni vumbi la barabara, nikazidi kupanguza. Wiki mbili baadaye mikebe yote ilikuwa hivyo, na kwenye ule wa Turbo kukawa na utando mwembamba kati ya majani na shina.

Nilipeleka jani kwa duka la dawa za mimea mjini. Nilisimama pembeni mpaka wateja wote wakaondoka.

"Wewe kijana, umekuja kununua ama kulinda duka?" mwenye duka aliniuliza.

Nikampa jani. Alilikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vyekundu vikaanza kutembea.

"Hao ni utitiri. Unapanguza na nini?"

"Kitambaa."

"Kimoja, mikebe yote?"

"Kimoja."

Alicheka sana. "Basi ni wewe umewapatia lifti!"

Kisha akanionea huruma. Aliniambia nioshe chini ya majani kwa maji ya sabuni kila siku ya tatu, kila mkebe na kitambaa chake, na ule uliozidiwa niuchome kabla haujamaliza mingine.

Nilimweleza mama jioni hiyo, nikiangalia sakafu. Alisikiliza yote mpaka neno la mwisho.

"Hapa hakuna kitu kitachomwa," akasema. "Osha."

Nikaosha. Majani yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kufikiria. Kila moja nililigeuza, nikalishika kwa kiganja, nikasugua polepole lisikatike. Maji nilibeba kutoka kwa jirani, kwa sababu yetu yalikuja mara mbili tu kwa wiki. Vidole vilichubuka kwa sabuni. Nikimaliza mkebe wa tano, siku ya kurudia wa kwanza ilikuwa imefika. Mama akitoka kazini aliuliza jambo moja tu: "Na ule?" Nilijua ni upi.

Wiki ya nne, mikebe minne ilikuwa safi. Ule wa Turbo ulikuwa umebaki na majani matatu, na utando ulikuwa umerudi. Nilitaka kumwambia unapona. Nilikaa na huo uongo mdomoni mchana kutwa.

"Na ule?"

"Mama, huo umeshindwa. Tukiuacha utaua hii mingine."

Alibadilisha nguo za kazi, akachukua jembe, akaubeba mkebe mwenyewe hadi nyuma ya choo. Alichimba shimo refu kuliko lilivyohitajika. Nilipotaka kumsaidia alitikisa kichwa. Alifukia, akakanyaga udongo kwa miguu yote miwili, akasimama hapo kitambo akipumua kwa nguvu.

"Ile mingine usiioshe leo," akasema. "Umechoka. Hata mimi nimechoka."

Tukaingia ndani. Nikamwekea maji ya kunawa mikono.