Jumapili Tuliyokwama Juu ya Thika Road

Ninapoishi sasa, Riruta, jirani yangu hutoka kwenda kazini alfajiri. Nikiwa bado kitandani nasikia kufuli lake likigonga mlango wa chuma, kisha ufunguo ukizungushwa. Ni sauti ndogo, lakini kwa muda mfupi mimi huwa na miaka minane tena, nimekaa kwenye kitanda cha mbao kule Kibera, na sauti hiyo inatoka upande wa nje.

Mamangu alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Kabla ya hapo tulikuwa tukiishi Gatina, Kawangware, katika chumba chenye mlango wa kijani kwenye ploti ya Mama Njoki, ambako watoto tulicheza uani hadi tuitwe kula. Babangu alifariki kabla sijaijua sura yake. Kwa hiyo nilipelekwa kwa dadake, Roselida, ambaye nilimwita Senje, kama sisi Waluhya tunavyomwita shangazi.

Senje alipanga chumba cha mabati Kibera, upande unaopakana na mtaa wa Ayany, na aliwafulia nguo watu wa zile nyumba za Ayany. Alikuwa mrefu, msafi kupita kiasi, na katika kundi la akina mama kanisani yeye ndiye aliyeamua nani apike na nani aoshe sufuria. Sikuwahi kuona kitambaa chake cha kichwa kikienda upande.

Shule zilipofungwa Agosti, hakukuwa na mtu wa kuniangalia.

"Wewe ni mtoto wa wenyewe," aliniambia. "Ukipotea, mamako nitamwambia nini?"

Basi kila asubuhi aliniachia chai kwenye chupa, mandazi kwenye bakuli na ndoo nyuma ya pazia, akanifungia. Adhuhuri mabati yalipata moto yakaanza kulia. Nilinusa mafuta ya taa na sabuni ya unga, na nikatazama vidoa vya mwanga vilivyopenya kwenye matundu ya misumari vikitambaa polepole sakafuni. Vilipofika mguu wa meza, nilijua bado kitambo Senje arudi.

Rafiki yangu alikuwa Atieno, msichana wa mlango wa pili. Tuliongea kupitia ukuta, midomo karibu na mabati hadi yakawa na jasho. Atieno ndiye aliyeniletea habari za daraja. Barabara kuu ya Thika Road ilikuwa imetoka tu kupanuliwa, na Jumapili watu walitoka mitaani kwenda kuitazama tu, kama watu waendavyo kutazama simba. Juu yake kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu, na Atieno alikuwa amepandishwa na mjomba wake.

"Ukisimama huko juu unaona Nairobi yote," alisema.

"Hata Kawangware?"

"Si nimekwambia yote!"

Mpango wangu ulizaliwa hapo. Ningepanda lile daraja, niutafute mlango wetu wa kijani, nione njia, kisha nitoroke. Niliamini kabisa kwamba mama akirudi angeenda Gatina kwanza, na asiponikuta angerudi zake Saudia.

Asubuhi moja, Senje akiwa ameshavuta mlango, nilimuuliza kupitia mwanya uliobaki: "Senje, kwani mimi nilikosea nini?"

Sikuuliza kwa ujanja. Nilitaka kujua tu. Huko kwetu mtu alifungiwa kwa sababu amekosa. Nilimwona kwenye mwanya, amesimama pale nje, kufuli mkononi, kwa muda mrefu. Kisha akafunga, akaenda.

Jumamosi ya wiki hiyo akanisuka nywele na kuniambia, bila kunitazama, "Kesho tukitoka kanisani tutaenda kuona hilo daraja lenu. Nasi tuwe watalii."

Alivaa rinda lake jeupe la sherehe za kanisa. Tulipofika, nilishangaa jinsi daraja lilivyokuwa refu na magari chini yake yalivyokuwa mengi, yakipita bila kukoma kama mto uliofurika. Juu kulikuwa na familia zilizovaa vizuri, wachumba walioshikana mikono, na mpiga picha aliyening'iniza picha za watu wengine kifuani kama medali. Upepo ulinuka lami na mahindi choma. Senje alikuwa amenishika mkono. Kadiri tulivyopanda ndivyo alivyozidi kukaza.

Katikati ya daraja niliacha kutembea, nikapanda kwenye ncha za vidole na kutazama. Niliona mapaa, maghorofa, miti, mapaa tena. Hakukuwa na mlango wowote wa kijani. Nairobi yote ilikuwa pale na sikuitambua hata kidogo.

Niligeuka kumuuliza Senje Kawangware iko wapi. Alikuwa ameketi chini.

Ndiyo, chini, kwenye sakafu ya daraja, na rinda lake jeupe. Mgongo ameuegemeza kwenye vyuma, macho ameyafumba, na uso wake umebadilika rangi ukawa kama majivu. Gari kubwa lilipita, daraja likatetemeka kidogo, naye akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Mathe, uko sawa?" aliuliza mpiga picha. Kijana mmoja akacheka, akawaambia wenzake: "Huyo ameona kina, wasee!" Watu wakaanza kusimama.

"Senje, twende," nilimwambia.

"Siwezi."

"Turudi nyuma basi."

"Siwezi kwenda, siwezi kurudi. Nafula, usiniache."

Mkono wake ulinibana hadi vidole vikafa ganzi. Niwaambie, hata ndani ya kile chumba sikuwahi kuhisi nimefungwa kama nilivyohisi pale, kwenye upepo, mbele ya watu wote wale. Sijui tulikaa muda gani. Mpiga picha alijitolea kumbeba, Senje akamkemea bila kufumbua macho, kwa ile sauti ya kanisani, na kijana aliyecheka akaondoka.

Mwishowe Senje akaamua kujikokota. Akiwa ameketi vilevile, alisukuma mwili kwa viganja, kidogo kidogo, kuelekea tulikotoka. Kwa kazi hiyo alihitaji mikono yote miwili. Akaniachilia.

Nilisimama mbele yake nikiwa huru. Njia ya kushuka ilikuwa wazi. Na yeye, macho yakiwa bado yamefumbwa, akasema taratibu: "Najua unataka kwenda Kawangware. Mabati yana masikio, mimi pia ninayo. Utaenda. Lakini nishushe kwanza."

Nikamshusha. Nilitangulia nikipaza sauti, "Samahani, mtupishe! Samahani!" na watu wakatupisha. Nyuma yangu nilisikia rinda likikwaruza sakafu. Daraja lilipoanza kuteremka, akashika ukuta akasimama, na tukamalizia kwa miguu, yeye akiwa ameshika kola ya sweta yangu.

Chini alikunywa maji. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka shingoni na hakukirudisha. Kisha, badala ya kurudi Kibera, akanipeleka Gatina.

Mlango wetu ulikuwa umepakwa rangi ya bluu. Mwanamke nisiyemjua alitoka na mtoto mgongoni, akatuuliza tunamtafuta nani. Mama Njoki alinikumbatia, akatupa chai, akaahidi kwamba mamangu akifika hapo atamwelekeza. Senje aliandika namba yake ya simu ukutani kwa makaa ili nione kwa macho yangu. Tulirudi Kibera. Kesho yake ufunguo uliachwa kwa mamake Atieno, nami nikacheza nje.

Kwa miaka niliisimulia siku hiyo kama kichekesho. Mama aliporudi, nilimsimulia pia, nikiigiza vile Senje alivyojikokota. Alicheka, kisha akaniuliza:

"Roselida alipanda daraja? Kwa hiari yake?"

Akaniambia kwamba huko nyumbani, tangu akiwa msichana, Roselida alizunguka mbali sana kwenda sokoni ili asivuke gogo lililolazwa juu ya mto. Hapo Ayany alikataa kazi zenye malipo mazuri kwa sababu nguo zilianikwa juu ya ghorofa. Alijua, basi. Alipokuwa akinisuka nywele Jumamosi ile alijua vizuri kitakachompata. Hakuwa mtu wa kumwomba mtoto msamaha, na sidhani alijua maneno yake. Alichoweza ni kuvaa rinda lake zuri na kunipeleka pale ambapo yeye mwenyewe asingeweza kusimama.